Saa Nane Ipi? Maneno Yanayotaja Kilicho Baina ya Vitu na Nyakati

Msimu wa mvua uliopita, shangazi yangu anayeishi Ahero, kwenye barabara ya kutoka Kisumu kwenda Nairobi, alipimwa katika zahanati moja akakutwa na malaria. Ilikuwa saa nne asubuhi. Muuguzi alimtolea vidonge vinne, akampa maji, akamtazama hadi alipovimeza, kisha akamkabidhi pakiti iliyobaki na kumwambia: "Mama, vinne vingine utameza saa nane. Kuanzia kesho ni asubuhi na jioni mpaka viishe." Shangazi alirudi nyumbani, akapika, akala, na redio ilipotangaza kwamba ni saa nane mchana akafanya kama alivyoagizwa. Nilipofika kwake magharibi nilikuta vitundu vinane vya pakiti vikiwa vitupu, ilhali dozi ya pili ndiyo kwanza zamu yake ilikuwa imefika. Muuguzi alikusudia saa nane baada ya dozi ya kwanza, yaani saa kumi na mbili jioni.

Shangazi alipona, namshukuru Mungu. Hata hivyo, jambo lile limekaa moyoni mwangu, kwa sababu hapakuwa na mzembe kati yao. Wote wawili wanakijua Kiswahili, wote walikuwa makini, na sentensi ilikuwa moja. Lakini mmoja alisikia saa ya ukutani na mwingine alikuwa anataja urefu wa kungoja. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza jinsi tunavyoyatumia maneno yanayotaja nafasi zilizo baina ya kitu na kitu, au baina ya wakati na wakati, na nimegundua kwamba mikanganyiko mingi inayozuka katika habari na katika mazungumzo ya kila siku huanzia hapo: ufa ulioonekana karibu na Suswa, siku za kufungua kesi ya uchaguzi, reli ya kisasa inayotajwa kila mwaka kwamba itafika Kisumu. Katika makala haya nitayapitia maneno hayo kuanzia yale mepesi, halafu nitarudi kwenye pakiti ya shangazi.

Jambo la kushika kwanza ni hili. Kila nafasi, iwe ya mahali au ya wakati, ina ncha mbili na kitu kilichomo baina ya ncha hizo. Nafasi ya mlango ina mhimili huu na mhimili ule. Likizo ina siku ya kufunga shule na siku ya kufungua. Kiswahili hakina neno moja la kutaja nafasi zote, na huo si upungufu. Maneno yake mengi hayataji ukubwa wa nafasi bali hutaja namna ilivyopatikana na kazi yake, na ndiyo maana ukibadilisha neno moja kwa jingine unaweza kubadilisha habari nzima bila kukusudia.

Tuanze mdomoni, kwa sababu huko tofauti inaonekana kwa macho. Mtu ambaye meno yake mawili ya mbele yameota yakiwa yameachana tunasema ana mwanya. Hakuna jino lililokosekana. Meno yote yapo, na nafasi iliyo baina yao ni ya maumbile, tena wengi huihesabu kuwa urembo. Mtu aliyeng'oka jino, au aliyeng'olewa, ana pengo. Hapa palikuwa na kitu, nacho kimeondoka. Akipoteza meno yote tunamwita kibogoyo, maana pengo haliwezi kutajwa pale ambapo hakuna jino lililobaki la kuonyesha mpaka wake. Kwa hiyo neno mwanya linatuambia kwamba vitu viwili vimeachana, na neno pengo linatuambia kwamba baina ya vitu viwili kimetoweka cha tatu. Huku kwetu wazee wa Kijaluo wa vizazi vilivyopita waling'olewa meno sita ya mbele ya chini kwa desturi, na nimewahi kusikia watu wakibishana kama ile ilikuwa mianya au mapengo. Kwa Kiswahili ni mapengo, kwa kuwa meno yalikuwapo; ila wenyewe hawakuona kwamba wamepungukiwa na kitu, na jambo hilo linastahili kukumbukwa kabla hatujamhurumia mtu kwa neno tulilomchagulia sisi.

Ukishaishika tofauti hiyo, lugha ya magazeti inakuwa nyepesi. Tunaposoma kwamba serikali inaziba mianya ya ufisadi, maana yake ni kwamba sheria au taratibu ziliachana mahali fulani na watu wakapata pa kupenya. Tunaposoma katika tanzia kwamba marehemu ameacha pengo lisilozibika, maana yake ni kwamba alikuwapo na sasa hayupo. Mwandishi akiandika "mapengo ya ufisadi", anadokeza bila kujua kwamba ufisadi ndio uliotoweka. Naona kosa hilo mara nyingi, na sidhani kwamba ni dogo, kwa sababu msomaji hubaki akihisi kwamba sentensi imekaa upande bila kujua kilichoipindisha.

Nafasi, kwa maana yake finyu, ni kitu kingine. Ni uwazi uliowekwa au uliopatikana ili utumike. Nenda katika shamba la mahindi upande wa Molo au Njoro. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuacha sentimita 75 baina ya mstari na mstari, na sentimita 25 baina ya shimo na shimo ikiwa kila shimo linapandwa mbegu moja. Hizo ni nafasi. Zimeachwa kwa makusudi, na zina kazi: mmea upate mwanga, mizizi isigombanie mbolea, mpaliliaji apate pa kukanyaga. Kwa vipimo hivyo hekta moja hubeba mimea ipatayo 53,300, na mkulima anayebana nafasi akitumaini kuvuna zaidi huishia na mabua membamba yenye magunzi madogo. Sasa tuseme siku kumi baada ya kupanda unapita shambani na kuona kwamba mahali fulani mbegu haikuota. Hapo pana pengo. Sentimita 25 zimekuwa 50, lakini urefu huo wa ziada hauitwi nafasi kubwa. Ni pengo, na mkulima huchukua mbegu akapanda tena palipokosa kuota. Katika mstari mmoja wa mahindi, basi, nafasi hulindwa na pengo huzibwa. Mtu anayetumia maneno haya mawili kama visawe hatajua ni lini achukue mbegu na ni lini aache ardhi ilivyo.

Neno nafasi limetoka katika Kiarabu, likiwa ndugu wa neno la pumzi, na pengine ndiyo maana limepanuka kwa urahisi kutoka mahali hadi wakati na hadi riziki. "Sina nafasi" katika matatu humaanisha viti vimejaa. Ofisini humaanisha mtu ana shughuli. "Nafasi ya kazi" haina sentimita wala saa. Katika zote hizo wazo ni moja, kwamba kuna uwazi unaoweza kupokea kitu. Upenyo ni mwembamba zaidi, nao hutajwa kwa ajili ya anayepita: katika soko la Kibuye siku ya Jumapili, baina ya marundo ya mitumba, unatafuta upenyo. Kichochoro kina kuta pande mbili. Sitakawia juu ya hayo, maana hayawachanganyi watu.

Ufa ndio uliowachanganya wengi, na hapa inafaa kukaa kidogo. Ufa si nafasi baina ya vitu viwili. Ni nafasi inayoanza ndani ya kitu kimoja. Ukuta wenye ufa bado ni ukuta mmoja, na ndiyo sababu wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta: ufa unaachwa hadi unakifanya kitu kimoja kuwa viwili. Sisi wa Nakuru na maeneo ya jirani tunaishi ndani ya ufa mkubwa kiasi kwamba tumeuita bonde, na jina lenyewe, Bonde la Ufa, linaeleza jiolojia kwa usahihi ambao wengi hawautambui. Ni ganda la dunia linaloachana katikati, si bonde lililochimbwa na mto.

Mwezi wa Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilifunguka karibu na Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Picha zilienea duniani kote, na habari ikawa kwamba Afrika inagawanyika mbele ya macho yetu. Watu waliniuliza kama wahame. Hapa ndipo nafasi ya mahali na nafasi ya wakati zilipochanganywa. Ni kweli kwamba pande mbili za bara zinaachana kwenye Bonde la Ufa, lakini mwendo wake ni milimita chache kwa mwaka. Yaani katika mwaka mzima pande hizo huachana kwa kiasi ambacho ukucha wa kidole cha mkono hukua kwa mwezi mmoja au miwili. Kwa mwendo huo, kupata mita moja tu kunahitaji zaidi ya karne. Korongo lililoonekana baada ya mvua chache halikuweza kuwa kazi ya mwendo huo peke yake. Wanajiolojia wengi waliolichunguza walieleza kwamba majivu ya zamani ya volkano, yaliyokuwa yamejaza nyufa za chini, yalisombwa na maji, na ardhi ya juu ikaporomoka. Ufa ulikuwapo, kilichotokea ni kwamba kilichokuwa kikiujaza kiliondoka. Kwa maneno tuliyokwisha kuyaeleza, watu waliona pengo jipya wakadhani wameona ufa mpya.

Mfano wa mwisho wa mahali ni wa reli. Neno geji limezoeleka sana tangu reli ya geji ya kisasa ilipofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na kuendelezwa hadi eneo la Naivasha mwaka 2019. Wengi ninaozungumza nao Kisumu huamini kwamba neno hilo linamaanisha treni ya umeme, au treni ya kasi. Treni zetu za reli hiyo zinaendeshwa kwa dizeli, na geji haihusiani na kasi wala umeme. Geji ni umbali wa ndani baina ya chuma kimoja cha reli na cha pili chake. Reli ya zamani, ile iliyofika ukingo wa Ziwa Victoria mwaka 1901 wakati Kisumu ilipoitwa Port Florence, ina umbali wa milimita 1,000 kamili, na ile mpya ina milimita 1,435. Tofauti ni milimita 435, urefu unaokaribia hatua ndogo ya mtoto, lakini inatosha kuzuia behewa la njia moja lisipite katika njia ya pili, na mizigo inayokwenda magharibi kwa reli hulazimika kuhamishwa pale reli mpya inapokoma. Mtu akielewa kwamba geji ni nafasi tu, ataelewa pia kwa nini kukarabati reli ya zamani hadi Kisumu ni jambo moja na kuifikisha mpya ni jambo jingine kabisa.

Na reli hiyo ya zamani ina nafasi nyingine ndogo ambayo sikio huijua kabla ya jicho. Mlio ule wa taka-taka, taka-taka, wa magurudumu hutokana na maungio ambapo kipande kimoja cha chuma hukutana na kingine, na pale fundi aliacha uwazi mwembamba kwa makusudi. Chuma cha urefu wa mita 12 kikipata joto la nyuzi 20 zaidi hurefuka kwa karibu milimita 3. Pasipo uwazi huo vipande vingesukumana na reli ingejipinda. Mpita njia anayeutazama hudhani ni pengo, kwamba kuna kitu kimeibwa. Ni nafasi, kama ile ya mahindi.

Tukiingia upande wa wakati, maneno yanayosumbua zaidi ni matatu: wakati, muda na kipindi. Shuleni tulifundishwa kuyataja pamoja kama visawe, na kwa ruhusa ya walimu wangu nasema kwamba fundisho hilo limetuumiza. Wakati hujibu swali la lini. Muda hujibu swali la urefu gani. Kipindi hujibu swali la nini kilichomo ndani yake. "Wakati wa mvua wanafunzi huchelewa" ni kusema ni lini wanachelewa. "Mvua ilinyesha kwa muda wa saa mbili" ni kupima. "Kipindi cha mvua ya masika" ni kutaja sehemu ya mwaka, kuanzia Machi hadi Mei, inayojulikana kwa kile kinachoijaza, hata kama katikati yake kuna siku za jua. Ndiyo maana somo la dakika 40 katika shule ya upili huitwa kipindi, na matangazo ya redio yenye jina lake huitwa kipindi pia; lakini dakika tano za kumngoja mwalimu aliyechelewa haziwezi kuitwa hivyo, kwa sababu hazina kilichopangwa ndani yake. Hizo ni muda tu.

Kitambo ni neno lililobadilika mikononi mwetu. Katika kamusi "kitambo kidogo" ni muda usio mrefu, na mtu aliyeambiwa "ngoja kitambo" angetazamia kungoja kidogo. Nchini Kenya, mtu akisema "hiyo ilikuwa kitambo" anamaanisha zamani sana. Mgeni kutoka Zanzibar anaweza kupotea hapo, na sioni sababu ya kumlaumu yeyote, bali naona sababu ya mwandishi wa habari kuliepuka neno hilo pale tarehe inapohitajika.

Muhula nao una historia nzuri. Asili yake katika Kiarabu ni muda wa kumvumilia mtu, nafasi anayopewa kabla ya kudaiwa. Maana hiyo bado inasikika tukisema kwamba mdeni amepewa muhula wa kulipa. Shuleni ni sehemu moja kati ya tatu za mwaka, na katika siasa za Kenya ni miaka mitano ya uongozi, ambayo Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu rais aishike mara mbili tu. Wanaosoma magazeti ya Tanzania hukutana na awamu, wakadhani ni muhula kwa jina jingine. Sivyo. Huko awamu huhesabu marais. Jakaya Kikwete alitumikia mihula miwili, kuanzia 2005 hadi 2015, na yote miwili ilikuwa ndani ya Awamu ya Nne.

Hadi hapa tumezungumzia majina. Ugumu mkubwa uko kwenye hesabu, na chanzo chake ni kimoja: tunachanganya ncha na kilicho baina ya ncha. Fundi wa uzio analijua jambo hili kwa mikono yake. Ukimwambia avute waya kwenye mstari mnyoofu wa mita 30, na nguzo ziwe na umbali wa mita tatu tatu, hatanunua nguzo 10. Atanunua 11. Nafasi ni 10, lakini nafasi ya kwanza inahitaji nguzo pande zote mbili, na kuanzia hapo kila nafasi mpya inaongeza nguzo moja. Anayehesabu nguzo na anayehesabu nafasi watatofautiana kwa moja daima, na wote wawili watakuwa wamehesabu sawasawa.

Siku ni hivyo hivyo. Tuna maneno mazuri ya kuzitaja zijazo: leo, kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Je, kesho kutwa ni siku ya pili au ya tatu? Ukiihesabu leo kama nguzo ya kwanza, kesho kutwa ni ya tatu. Ukihesabu nafasi, yaani ni mara ngapi utalala na kuamka, ni mbili. Mgogoro wa "ulisema siku tatu" baina ya mwenye nyumba na mpangaji, au baina ya mkopeshaji na mkopaji, mara nyingi si mgogoro wa uaminifu; kila mmoja alianza kuhesabu mahali pake.

Sheria ya Kenya imelitatua swali hilo. Sheria ya tafsiri inaeleza kwamba siku zikihesabiwa kuanzia tukio fulani, siku ya tukio lenyewe haihesabiwi. Mwaka 2022 tuliliona jambo hilo kwa macho, ingawa wengi walibishana hadi usiku. Katiba inatoa siku saba za kuwasilisha kesi ya kupinga uchaguzi wa rais baada ya matokeo kutangazwa, na siku 14 za Mahakama ya Juu kuamua baada ya kesi kuwasilishwa. Matokeo yalitangazwa Jumatatu tarehe 15 Agosti. Jirani yangu alisisitiza kwamba siku ya mwisho ni Jumapili tarehe 21, kwa sababu alikuwa ameihesabu tarehe 15 kama siku ya kwanza. Siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu tarehe 22, na uamuzi ukatolewa Jumatatu tarehe 5 Septemba. Jumatatu tatu: na hiyo ni njia rahisi ya kujipima, kwamba siku saba kamili zikipita kutoka siku yoyote, utarudi kwenye siku ya jina lile lile.

Akina mama wanaopeleka watoto kliniki wanaweza kuitumia njia hiyo. Chanjo kadhaa za mtoto hutolewa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, kwa hiyo nafasi baina ya ziara hizo ni wiki nne. Wiki nne ni siku 28, na mtoto aliyechanjwa Jumanne atarudi Jumanne. Wengi husema "mwezi mmoja", na kwa kuwa miezi karibu yote ina siku 30 au 31, huchelewa kwa siku mbili tatu bila kujua, na siku wanayofika huenda si siku ya chanjo katika kituo chao.

Maneno madogo nayo yana uzito. "Kabla ya tarehe 15" humtoa mtu wa tarehe 15. "Hadi tarehe 15" humwingiza, kwa matumizi ya wengi. "Kati ya tarehe 10 na 15" haisemi wazi kama ncha zimo au hazimo, na tangazo la kazi au la karo lililoandikwa hivyo linawaomba watu wabishane mlangoni. Kuongeza "tarehe hizo zikiwemo" hakugharimu chochote.

Sasa turudi kwenye saa nane. Kwa nini Kiswahili kiwe na maneno yale yale kwa saa ya ukutani na kwa urefu wa muda? Jibu limo ndani ya saa yetu yenyewe. Hesabu ya saa za Kiswahili huanza alfajiri. Saa moja asubuhi ni saa moja tangu kupambazuka, na saa nane mchana ni saa nane tangu kupambazuka, kwa kuanzia saa kumi na mbili ya asubuhi. Kwa watu waishio kwenye Ikweta, ambako jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, huo ni mpango wa busara sana. Lakini maana yake ni kwamba hata saa ya ukutani ni nafasi: ina ncha mbili, na ncha ya kwanza, alfajiri, tumeiacha bila kuitaja kwa sababu kila mtu anaijua. Muuguzi alitaja saa nane akiwa na ncha yake mwenyewe, dozi ya kwanza. Shangazi, kama mtu yeyote mwenye Kiswahili, aliiweka ncha pale inapokaa siku zote, alfajiri. Kutoka alfajiri na kutoka saa nne asubuhi kuna tofauti ya saa nne, na hiyo ndiyo hasa tofauti iliyojitokeza kwenye pakiti.

Mitaani watu wametafuta dawa ya jambo hili. Husema "masaa manane" wanapotaka urefu, na "saa nane" wanapotaka saa ya ukutani. Walimu wa sarufi hulikataa neno "masaa", kwa kuwa saa iko katika ngeli ya I-ZI na wingi wake ni saa. Mimi ni mwalimu, nami hulisahihisha katika daftari. Lakini sikubaliani na wanaosema kwamba ni uvivu wa wasiojua lugha. Ni jitihada ya watu wanaohitaji kutofautisha vitu viwili. Kwa maandishi rasmi tunayo njia nyingine, nayo ni kuitaja ncha ya kwanza: "baada ya muda wa saa nane kutoka sasa". Bora zaidi ni kuzitaja ncha zote mbili: "umemeza saa nne asubuhi, utameza tena saa kumi na mbili jioni."

Yapo maandishi mengine kwenye bahasha za dawa yanayohitaji uangalifu huo huo. "1×3" ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Hiyo inataja nguzo, haitaji nafasi. Mtu anayemeza wakati wa chai saa moja asubuhi, wakati wa chakula saa saba mchana na tena saa moja usiku amemeza mara tatu, lakini nafasi zake ni saa sita, saa sita na saa 12. Aliyeambiwa kila baada ya saa nane angemeza, kwa mfano, saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Baadhi ya dawa huvumilia tofauti hiyo na nyingine zinahitaji nafasi zilingane, kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye duka la dawa si mara ngapi tu, bali pia kila baada ya muda gani.

Dawa ya shangazi, ile ya mseto wa artemether na lumefantrine ambayo hutumiwa sana kwa malaria ya kawaida, ina vidonge 24 kwa mtu mzima, katika dozi sita. Nguzo sita, nafasi tano. Nafasi ya kwanza ni saa nane, ya pili ni saa 16, na tatu zilizobaki ni saa 12 kila moja. Jumla ni saa 60, ambazo ni siku mbili na nusu kwa muda, ingawa kwa kalenda zinagusa siku tatu, na ndiyo maana huitwa dawa ya siku tatu. Mtu anayeona nafasi ya kwanza kuwa fupi kuliko nyingine hudhani muuguzi amekosea. Hajakosea. Dozi mbili za mwanzo zimesogezwa karibu kwa makusudi ili dawa iwahi kushika.

Jioni ile tulimpigia muuguzi simu. Alinyamaza kidogo, akauliza hali ya mgonjwa, kisha akasema aendelee kesho asubuhi kama kawaida. Nilichukua kalamu nikaandika nyuma ya pakiti saa za dozi nne zilizobaki, kila moja na siku yake. Miezi miwili baadaye nilimsindikiza shangazi kwenye zahanati ile ile kwa ajili ya mguu wake, nikamkuta muuguzi yule akimhudumia mama mwingine aliyeketi mbele yetu na pakiti kama ile mkononi. Hakumwambia saa nane. Alimwonyesha saa ya ukutani, ambayo ilikuwa saa tatu asubuhi, akamuuliza: "Mama, umemeza sasa hivi. Zikipita saa nane, itakuwa saa ngapi?" Yule mama alihesabu kwa vidole, polepole, na muuguzi akangoja mpaka alipofika saa kumi na moja jioni.